Gari la Moshi Chini ya Ardhi

Kwetu treni ni gari la moshi, na sikumbuki mtu yeyote akiuliza kwa nini. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto kwenye injini zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kila alipoondoka nyanya alimtilia vitambaa viwili vyeupe vya mkono kwenye kikapu, vimepigwa pasi. Vilirudi vyeusi vyote viwili. Mamangu ndiye aliyekuwa akivifua utotoni, na anasema ule ulikuwa weusi usiotoka hata ukimaliza mche mzima wa sabuni. Mwishowe nyanya akaacha kununua vyeupe.

Nilivikumbuka vitambaa vile mahali nisipotarajia. Ulikuwa mwezi wangu wa pili London. Nimerudi kutoka kazini, napenga mafua kwenye tishu, natazama: nyeusi tititi. Nilishtuka, maana treni za chini ya ardhi zinaenda kwa umeme na moshi hazina hata kidogo. Mwenzangu wa chumba alicheka, akaniambia kila mtu hapa ni hivyo. Ni vumbi la chuma, magurudumu na reli na breki vinavyosagana kutwa mle shimoni. Nikampigia mamangu, nikamwambia nimerithi kazi ya babake.

Ulikuwa utani, maana kazi yangu ilikuwa kupiga deki. Nilikuwa nasafisha ofisi karibu na Moorgate, kwenye ile sehemu ya mji wa pesa wanayoiita City, na nilikuwa nakaa Hammersmith, upande wa magharibi. Kwa hiyo kila siku nilipanda laini ya Hammersmith & City, ile ya rangi ya waridi kwenye ramani, mwanzo wake hadi Moorgate. Treni ya kwanza, mwendo wa saa kumi na moja alfajiri.

Ukitaka kujua nani anaiendesha London, panda treni ile. Viatu vya raba, jaketi zito juu ya sare, mifuko ya plastiki yenye chakula cha jana usiku. Hakuna anayezungumza. Watu wamelala wima, na kila mmoja anafumbua macho kituoni kwake bila kuamshwa. Kulikuwa na Mghana mmoja na Biblia yake, Wakolombia watatu waliokaa pamoja siku zote, na mama mmoja wa Kibarawa, kutoka pwani ya Somalia, ambaye siku ya kwanza alinisikia nikiongea kwenye simu, akageuka akanisalimu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao ambayo sikuwahi kuisikia. "Subalkheri, mwanangu." Tangu hapo nikamwita Ma Mkubwa. Alikuwa na chupa ndogo ya chai ya maziwa yenye iliki na vikombe viwili vya kifuniko, cha pili sijui alikuwa akimwekea nani kabla yangu.

"Treni hii ni yetu," aliniambia siku moja. "Ya saa mbili ni yao."

Niliichukua kama maneno ya mtu mzima aliyechoka. Sikujua kwamba ameisema historia ya reli ile kwa sentensi mbili.

Siku nilipoanza kuijua ni siku niliyochelewa. Treni ilisimama Baker Street, ishara zimekorofisha, na sisi tukashuka tukasubiri. Kampuni iliyoniajiri, ambayo siitaji, ilikuwa na desturi ya kukata saa nzima ukichelewa hata dakika saba, kwa hiyo saa ilikuwa imeshakwenda. Nikawa na nafasi ya kutazama. Majukwaa namba 5 na 6 ya Baker Street hayafanani na mengine. Juu yako kuna tao moja pana la matofali ya rangi ya udongo, limeinama kama tumbo la jahazi lililopinduliwa, na kwenye kuta mbili kuna vishimo vikubwa vilivyochongwa kwa mshazari kuelekea juu, kama madirisha ya ngome. Ndani ya vishimo kuna taa. Ukutani kuna kibao kinachoeleza kwamba majukwaa haya ni ya reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani, ya mwaka 1863. Vishimo vile zamani vilikuwa vya kuleta mwanga wa jua na kutoa moshi.

Moshi! Nilikisoma kibao mara mbili. Watu hawa walichimba shimo chini ya mji, wakaingiza humo gari la moshi. La moshi kweli, kama la babu. Nilivyorudi nyumbani nilianza kusoma, na sijaacha mpaka leo.

Mwenye wazo alikuwa Charles Pearson, mwanasheria wa halmashauri ya City. Mtu wa kelele, lakini kelele za haki. Ndiye aliyepigania lifutwe andishi kwenye mnara wa ukumbusho wa ule Moto Mkubwa wa London, lililowabebesha Wakatoliki lawama ya kuuchoma mji. Miaka ya 1840 akahamia kwenye jambo lingine. London ilikuwa imefurika. Reli za kutoka mikoani zilikuwa zimefika, lakini zilikoma pembezoni, na katikati yote ni farasi, mikokoteni, mabasi ya farasi na watu wa miguu wanaosukumana kwenye tope. Hoja ya Pearson ilikuwa nyepesi kuielewa: maskini amefungwa pale pale alipo, kwa sababu hana muda wa kutembea kwenda kazini kutoka mbali, wala hana pesa ya kupanda. Ndiyo maana wanabanana familia nzima chumba kimoja karibu na kazi. Mpe treni ya bei ndogo, atahamia penye hewa.

Mwaka 1845 alichapisha kijitabu akipendekeza reli kupitia bonde la Fleet, treni zisukumwe kwa nguvu ya hewa, pasiwe na moshi. Walimcheka. Lakini alikuwa king'ang'anizi. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1854, ikaja vita vya Crimea na pesa zikakauka, na ni Pearson huyo huyo aliyeibembeleza halmashauri yake mpaka mwaka 1859 ikatia pauni 200,000 kwenye kampuni ya reli hiyo, Metropolitan. Mwaka uliofuata wakaanza kuchimba.

Njia yao ya kuchimba haikuwa ya fuko. Walipasua barabara. Kati ya Paddington na King's Cross walifuata ile ambayo leo ni Marylebone Road na Euston Road: wanang'oa njia, wanachimba handaki la upana wa mita 10 hivi, wanajenga kuta za matofali huku na huku, wanaezeka tao juu, wanafukia, wanarudisha barabara. Ukipita na basi pale leo, treni iko chini ya matairi yako, karibu kabisa. Mhandisi alikuwa John Fowler, na gharama yote ilifika kama pauni milioni 1.3.

Kutoka King's Cross kuelekea Farringdon hali ilikuwa nyingine, na hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikatoka kwenda kutembea. Hapo hapakuwa na barabara pana ya kufuata. Palikuwa na bonde la Fleet, na bondeni palikuwa na watu. Mitaa ya maskini, vichochoro, nyumba za kupanga zilizoelemeana. Kampuni za reli za wakati ule zilipenda kupitisha njia kwenye mitaa kama hiyo, maana anayelipwa fidia ni mwenye nyumba, na mpangaji wa wiki kwa wiki hulipwa kwa kuambiwa atoke. Maelfu walivunjiwa. Hawakuhamia kwenye hewa safi aliyoihubiri Pearson. Walihamia mtaa wa pili, wakabanana na waliokuwa wamebanana tayari.

Kwa hiyo reli iliyobuniwa ili maskini apate pa kuishi ilianza kwa kuwavunjia maskini pa kuishi. Sidhani Pearson alikuwa mnafiki. Nadhani aliamini hesabu itakaa sawa mwishoni, kama wanavyoamini wote wanaochora mstari kwenye ramani ya mitaa ambayo hawalali. Watu wa kwetu waliowahi kuona alama ya X nyekundu ikipakwa kwenye ukuta wa jirani hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Mto Fleet wenyewe ulilipiza kidogo. Ulikuwa umefukiwa zamani na kufanywa mtaro wa maji machafu, na Juni 1862, kazi ikikaribia kwisha, mtaro ule ulipasuka. Kuta za handaki zikaanguka, maji yenye uchafu wa nusu ya mji yakajaa kina cha mita tatu, yakaenda hadi King's Cross. Ilibidi wageuze mkondo, wapige pampu, wajenge tena.

Septemba 1862, Pearson akafariki. Miezi minne tu kabla ya treni kuanza. Alikuwa amekataa malipo alipoahidiwa, ila kampuni baadaye ilimpa mjane wake pauni 250 kwa mwaka.

Tarehe 9 Januari 1863 wakubwa walipandishwa kutoka Paddington hadi Farringdon, kama kilomita 6, kisha wakala karamu. Waziri Mkuu Palmerston, mwenye miaka 78, alialikwa akaomba radhi. Alisema kwa umri wake anapendelea kubaki juu ya ardhi kadiri awezavyo. (Mzee alikuwa na utani wa Kiswahili bila kujijua.) Kesho yake, Jumamosi, milango ikafunguliwa kwa kila mtu: vituo saba, mabehewa ya mbao yenye taa za gesi, daraja tatu, nauli peni tatu, nne na sita. Yapata watu 38,000 walipanda siku hiyo moja. Ndani ya mwaka, safari milioni 9.5.

Na moshi je?

Fowler alikuwa na jibu lake: injini itakayopashwa kwa matofali ya moto, ili ikiingia shimoni isihitaji kuwashwa kwa nguvu. Waliijaribu, mvuke haukutosha, na tangu hapo ikaitwa Mzuka wa Fowler. Wakaazima injini za kampuni kubwa ya Great Western, zenye kupitisha mvuke uliotumika kwenye matangi ya maji ili upoe ugeuke maji badala ya kujaa handakini. Kabla ya mwaka kwisha kampuni hizo mbili zikagombana, Agosti 1863 Great Western ikaondoa treni zake, na ikabidi waazime kwingine haraka haraka. Mwaka 1864 hatimaye wakapata injini zao wenyewe, 18, zilizopewa majina ya miungu na mashujaa wa Kiyunani na Kirumi: Jupiter, Mars, Medusa. Nitazirudia, kwa sababu zimetengenezwa mahali ninapopajua.

Lakini elewa vizuri: mtambo ule ulipoza mvuke. Moshi wa makaa ulibaki palepale. Walichoma koki kwanza, yaani makaa yaliyookwa, baadaye makaa ya Wales yasiyotoa moshi mwingi, na bado watu walishuka wakikohoa. Wafanyakazi waliruhusiwa kufuga ndevu ziwe kichujio. Karibu na kituo cha Gower Street, ambacho leo ni Euston Square, mwuza dawa mmoja alikuwa na mchanganyiko wake maalumu wa kuuzia abiria waliotoka shimoni wamekabwa pumzi. Serikali ilipofanya uchunguzi mwaka 1897, mkuu wa kampuni alidai kwamba kituo cha Great Portland Street ni kama hospitali, watu wa pumu wanakwenda kujitibu huko. Sijui alikisema kile kwa uso gani. Mwenye nguo chafu ndiye huyo huyo anayekuuzia sabuni.

Hebu turudi kwenye treni ya alfajiri, maana hapo ndipo Ma Mkubwa alipokuwa amegonga ndipo. Mei 1864 kampuni ilianzisha treni za wafanyakazi. Ziliondoka asubuhi na mapema, na tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa peni tatu. Mwaka uliofuata mwandishi Henry Mayhew alizipanda na kuzungumza na mafundi na vibarua waliokuwamo, na mmoja wao akamweleza mwendo wa miguu aliopunguziwa kila siku. Kwa hiyo Pearson alipata alichotaka, kwa kiasi. Ila tazama mpangilio: bei ndogo ni ya alfajiri tu. Fundi na karani wasigusane mabega. Treni ya kwanza yao, ya saa mbili ya wengine.

Nilimsimulia Ma Mkubwa haya yote asubuhi moja, kati ya Edgware Road na King's Cross, tukiwa kwenye handaki lenyewe. Alisikiliza kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Na siku hizi peni tatu ile iko wapi?"

Haipo. Hakuna nauli ya mfagiaji. Ukigusa kadi mapema sana asubuhi unaokoa kiasi kidogo ukilinganisha na saa za msongamano, lakini basi bado ni rahisi zaidi, ndiyo maana mabasi ya usiku ya London yanajaa watu wa deki na walinzi. Miezi michache baadaye Ma Mkubwa naye alihamia huko. Binti yake alikuwa ameanza chuo, kila pauni ina kazi. Basi lilimchukua zaidi ya saa moja na nusu, akalazimika kuamka saa nane za usiku. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, ananunua ndizi mbichi sokoni Shepherd's Bush. Chupa ya chai alikuwa nayo.

Historia iliyobaki nitaipitia mbio, kwa sababu wengine wanaipenda zaidi yangu. Reli ilifika Hammersmith mwaka 1864 na Moorgate mwaka 1865, maana yake safari yangu ya kila siku ilikuwa imekamilika kabla ya Mombasa kujua reli ni kitu gani. Ilipoongezwa kupitia Bayswater, ilipita katikati ya safu ya majumba ya kitajiri, na ili matajiri wasione pengo wakajengewa nyumba za uongo, namba 23 na 24 Leinster Gardens. Zipo hadi leo. Nilikwenda kuziona: nguzo, roshani, milango, kila kitu, ila madirisha yamepakwa rangi na milango haina tundu la barua. Ukizunguka nyuma, ni ukuta mtupu na shimo la treni. Bonde la Fleet halikujengewa hata ukuta wa uongo.

Akaja Edward Watkin, mwenyekiti mwenye ndoto za kuunganisha Manchester na Paris, akaivuta reli mashambani na kuanza kujenga Wembley mnara wa kuushinda wa Eiffel. Ulikomea ghorofa ya kwanza, wakaubomoa, na uwanja wa mpira ukaja kukaa hapo. Mwaka 1905 umeme ukaingia, moshi ukaanza kutoka shimoni. Jina la Hammersmith & City na ile rangi ya waridi ni mambo ya juzi, mwaka 1990. Na Julai 7, 2005, bomu lililipuka ndani ya treni karibu na Edgware Road, asubuhi ya watu kwenda kazini. Siku hiyo mabomu manne yaliua watu 52. Nimepita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado napunguza pumzi.

Injini sasa. Moja ya aina ile ya mwanzo imebaki. Ni namba 23, ya mwaka 1866, iliyofanya kazi hadi 1948, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho ya usafiri Covent Garden. Nilikwenda Jumapili moja. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, imara, imejikunja kama fahali aliyelala, na bomba nene limetoka mbele kwenye silinda likaingia kwenye tangi la ubavuni, ndilo la kurudisha mvuke. Nikasoma mtengenezaji: Beyer, Peacock, Manchester.

Nikakaa chini. Jina hilo nalijua tangu utotoni, kwa sababu babu alilitamka kama jina la ukoo: Baya-Pikoki. Kiwanda hicho hicho, miaka tisini baadaye, ndicho kilichotengeneza zile injini kubwa 34 za aina ya Garratt za reli ya Afrika Mashariki, zenye majina ya milima yetu, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mpaka kufikia 1980. Mount Gelai iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, uzito wa tani 252, na watoto wa shule wanaipanda kwa ngazi. Babu alifanya kazi kwenye dada zake.

Nikampigia mamangu kwa video nikamzungushia simu. Nilimwonyesha bomba, magurudumu, matangi. Alitazama kimya kimya kwa jicho la mtoto wa reli, kisha akaniambia nirudi nyuma, pale anaposimama dereva.

"Mbona hakuna paa?"

Nikatazama. Kweli. Kulikuwa na ubao wa chuma mbele tu, wenye vidirisha viwili vya mviringo. Nyuma yake, wazi.

"Walisimama hivyo hivyo, mama."

"Ndani ya shimo? Na moshi wote ule?"

"Ndani ya shimo."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia redio ya jikoni kwake, na kuku.

"Hao," akasema, "walikuwa wakifuliwa vitambaa vingapi kwa siku?"